Wasifu wa kazi (CV): uandikiwe saiba au ujiandikie?

Msimu wa kutafuta atachi, yaani mafunzo ya kazini kwa wanafunzi, ukifika, ubishi huu haukosi pale Tudor, Mombasa: uende saiba, duka la kompyuta na intaneti, au ujiandikie?

Kwa gharama, kujiandikia ni nafuu. Google Docs ni ya bure, hata kwenye simu. Saiba utalipia kuchapiwa, kisha ulipie tena siku ukibadilisha namba ya simu.

Kwa sura, saiba wako mbele. Mistari imenyooka, vichwa vimekozwa, na kazi inaisha kabla chai haijapoa.

Kwa yaliyomo ndipo penye kazi. Saiba nyingi zina kiolezo kimoja, wanabadilisha jina tu. Wasifu wangu niliukuta una "uzoefu wa miaka mitatu wa mauzo", mabaki ya mteja aliyenitangulia, nami nilikuwa mwaka wa pili! Kijana wa saiba hajui kwamba asubuhi unamsaidia mama kuuza mahamri. Wewe unajua, basi andika: "Nilihesabu mauzo ya kila siku na kuagiza unga." Meneja wa hoteli Nyali ataelewa haraka kuliko "mchapakazi, mwaminifu". Ukurasa mmoja unatosha.

Kama una wiki nzima, jiandikie, umpe mwalimu akukosoe. Kama maombi yanafungwa leo jioni na kompyuta huna, nenda saiba, ila beba maelezo yako kwenye karatasi, soma kila mstari kabla ya kulipa, na uombe faili ya Word kwenye barua pepe yako. PDF pekee ni ngumu kuibadilisha, itakurudisha kwao.