Uenyeji wa Olimpiki: bidhaa ambayo dhamana anatoa mnunuzi

Ukinunua friji unapewa karatasi ya dhamana. Ikifa kabla ya mwaka kuisha, unarudi nayo dukani. Uenyeji wa Michezo ya Olimpiki unauzwa kinyumenyume. Mnunuzi, yaani mji pamoja na serikali iliyo nyuma yake, ndiye anayetia saini kwamba gharama zikipanda atalipa yeye, na muuzaji, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC), hatadaiwa kitu. Kelele zinazosikika kila michezo inapokaribia, za foleni, tiketi, nembo mbaya na askari kila kona, zina uzito wake. Ila ukizifuatilia, nyingi zinarudi kwenye saini hiyo moja.

Kilichomo kwenye boksi ni hiki. Mji unapata haki ya kuandaa wiki mbili na ushee za mashindano, kuuza tiketi, kusaka wadhamini wa ndani ya nchi, na mgao wa fedha za televisheni. Haki zenyewe za matangazo, wadhamini wakubwa wa dunia na pete tano vinabaki kwa IOC. Hesabu za kamati ya maandalizi zikifungwa na faida, desturi ya mikataba hii imekuwa kuigawa: asilimia 20 kwa IOC, 20 kwa kamati ya Olimpiki ya nchi mwenyeji, na 60 kwa ajili ya michezo nchini humo. Hasara haina mgawanyo. Inalala pale pale ilipozaliwa.

Kuhusu bei, usikubali tarakimu yoyote kabla ya kuuliza imetoka daftari gani, maana hesabu za Olimpiki huandikwa kwenye madaftari mawili. La kwanza ni la kamati ya maandalizi: tiketi, wadhamini, sherehe, chakula cha wanamichezo. Hili mara nyingi hukaribia kusawazika. La pili ni la viwanja, reli, barabara, kijiji cha wanamichezo na ulinzi, na hilo ndilo la mlipakodi. Mwanasiasa anayesema michezo itajilipia yenyewe anasoma la kwanza. Raia anayesema tumekwisha anasoma la pili. Hakuna aliyesema uongo, na ndiyo maana ubishi wao hauishi.

London ni mfano mzuri kwa sababu karatasi zake ziko wazi. Wakati wa kuomba, fedha za umma zilizotajwa zilikuwa kama pauni bilioni 2.4. Machi 2007, hata miaka miwili haijatimia tangu ushindi, bajeti ikatangazwa upya: bilioni 9.3. Ongezeko hilo halikutokana na wizi wala mafuriko. Kodi ya VAT haikuwa imehesabiwa, akiba ya dharura ilikuwa ndogo mno, ulinzi ulikadiriwa kwa mkono mwepesi, na mchango wa sekta binafsi ulitiwa chumvi. Michezo ya 2012 ilipokwisha, serikali ikajisifu kwamba imetumia chini ya bajeti. Ni kweli kabisa, ukipimia na ile 9.3. Mtu akikwambia mradi wa michezo umeisha chini ya bajeti, muulize bajeti ya mwaka gani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikokotoa mwaka 2016 kwamba Olimpiki walizoweza kuzipata hesabu zake zilivuka bajeti kwa wastani wa asilimia 156, mfumuko wa bei ukiwa umeshaondolewa, na hakuna hata moja iliyobaki ndani ya bajeti. Sababu kubwa haihitaji shahada. Tarehe ya ufunguzi haisogei. Mradi wa kawaida ukikwama una mambo matatu ya kuchezea: muda, fedha na ubora. Hapa muda umefungwa na ubora unakaguliwa na mashirikisho ya michezo, kwa hiyo kinachonyumbulika ni pochi. Mkandarasi anayejua kwamba lazima umalize Julai hana haraka ya kukupunguzia bei mwezi Aprili.

Aliyeumia kuliko wote kwenye orodha hiyo ni Montreal ya 1976, asilimia 720. Meya Jean Drapeau alikuwa amesema Olimpiki haiwezi kupata hasara kama vile mwanamume hawezi kupata mtoto. Uwanja ulibuniwa na Mfaransa Roger Taillibert: mnara ulioinama, na paa la kitambaa la kuvutwa juu na kushushwa kwa kamba za chuma kutoka kwenye mnara huo. Migomo na baridi vikala miezi. Siku ya ufunguzi mnara ulikuwa nusu, paa halipo. Paa lenyewe lilifungwa 1987, miaka 11 baada ya mgeni wa mwisho kuondoka, likachanikachanika, likabadilishwa 1998, na lile jipya nalo likachanwa na theluji mwaka uliofuata. Deni lilimalizwa 2006, sehemu kubwa kwa kodi iliyowekwa kwenye tumbaku. Mvutaji aliyezaliwa mwaka wa michezo alikuwa na miaka 30 tiketi ya mwisho ya wazazi wake ilipolipiwa.

Tuje kwenye vinavyoharibika siku zenyewe, maana hapo ndipo manung'uniko ya mtaani yanapopata nyama.

Ulinzi kwanza. Kwa London, kampuni ya G4S ilikuwa na mkataba wa walinzi 2,000; Desemba 2011 idadi ikapandishwa hadi 10,400. Julai 2012, zikiwa zimebaki kama wiki mbili, ikakiri haitawafikisha wote. Wanajeshi 3,500 zaidi wakaitwa kuziba pengo. Ukiangalia ratiba, lilikuwa suala la muda tu. Mlinzi wa michezo hahitaji kuajiriwa tu: anafanyiwa upekuzi wa historia yake, anafundishwa, anapata leseni na kitambulisho, anapangiwa zamu, anapewa sare. Kazi yenyewe ni ya wiki chache, kwa hiyo aliyepata ajira ya kudumu katikati ya mchakato anaondoka. Ukitaka 10,000 mlangoni, unapaswa kuanza na wengi zaidi ya hao, na mapema.

Tiketi nazo. London ilitumia bahati nasibu iliyowachefua watu kwa jambo moja dogo: fedha zilikatwa kwenye akaunti kabla mwombaji hajajua ameshinda tiketi zipi. Mtu anaona salio limepungua, anaanza kupiga hesabu za kukisia, hii itakuwa riadha au mpira wa mikono? Malipo yalikuwa ya kadi ya Visa tu, kwa sababu Visa ni mdhamini. Halafu siku za mwanzo runinga zikaonyesha safu nzima za viti vitupu, vile vilivyotengewa maofisa na watu wa mashirikisho. Paris 2024 ilianza na vifurushi: ukichaguliwa kwenye droo unapewa dirisha la saa 48 kununua, na ni lazima uchukue angalau mashindano matatu tofauti. Bei ya kuanzia ilitangazwa kuwa yuro 24, lakini waliochelewa kupata dirisha walikuta za bei hiyo zimeshachotwa. Kifurushi kinamsaidia mwandaaji kujaza michezo isiyopendwa. Mnunuzi aliyetaka kutazama kuogelea tu ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Udhamini una vijimambo vyake. Kwenye viwanja vya London chipsi zilikuwa haki ya McDonald's. Wauzaji wengine wa chakula waliruhusiwa kuziuza kwa sharti moja: ziwe pamoja na samaki. Wafanyakazi waliokuwa wakiandaa sherehe ya ufunguzi walikuta tangazo kantini linalosema hivyo, wakapiga kelele, na kwao sharti likalegezwa. Watu walicheka, lakini kipengele hicho kinaonyesha vizuri mji unakodisha nini. Kwa wiki hizo, menyu si yake.

Usafiri wa Paris ulileta lawama ambazo kwa kiasi fulani zilikuwa na dawa. Tiketi moja ya metro ilipandishwa kutoka yuro 2.15 hadi 4, kuanzia tarehe 20 Julai hadi 8 Septemba. Mkazi mwenye pasi ya mwezi au ya mwaka hakuguswa, na tiketi zilizonunuliwa kabla ya hapo ziliendelea kutumika, kwa hiyo mwenye taarifa alijaza kadi yake mapema. Ambacho hakikuwa na dawa ni uzio. Kuanzia Julai 18 hadi sherehe ya ufunguzi ya Julai 26, kingo za mto Seine zilifungwa kwa vyuma, na kupita kulihitaji kuwa na kibali chenye msimbo wa QR. Vituo kadhaa vya metro vikafungwa. Migahawa iliyotegemea mavuno ya kiangazi ikakaa na viti vitupu nyuma ya uzio. Serikali iliunda kamati ya kushughulikia fidia, ambayo ni nafuu, ingawa fidia hailipi kodi ya pango ya mwezi huu. Mto wenyewe ulisafishwa kwa mpango wa yuro bilioni 1.4, hata hivyo mvua ilinyesha na triathloni ya wanaume (kuogelea mtoni, baiskeli, kisha mbio) ikasogezwa kutoka Julai 30 hadi 31. Katika miji mikongwe yenye mfereji mmoja wa maji ya mvua na maji machafu, mvua kubwa inafurisha uchafu mtoni hata kama umechimba tangi la akiba, kama Paris ilivyofanya. Hili la mto tunawaachia wapanga-mji kulipigia makofi, kwa sababu tangi lilibaki.

Je, unaweza kurudisha mzigo? Mapema, ndiyo, na kwa bei nafuu. Denver ilishinda uenyeji wa michezo ya baridi ya 1976, wapigakura wakakataa kutoa fedha Novemba 1972, michezo ikaenda Innsbruck. Hamburg ilikataa kwa kura mwaka 2015, asilimia 51.6. Calgary ikakataa 2018, asilimia 56.4. Boston haikufika hata kwenye kura: Julai 2015 meya Marty Walsh alisema hatatia saini dhamana inayowabebesha walipakodi ongezeko la gharama, na ombi likafa siku hiyo hiyo. Wote hawa hawakulipa faini ya kuvunja mkataba, kwa sababu hawakuwa wameufunga au walijitoa mapema.

Ukichelewa, bei inabadilika. Nje ya Olimpiki, jimbo la Victoria huko Australia lilijitoa kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026 mwezi Julai 2023, makadirio yalipopanda kutoka dola za Australia bilioni 2.6 hadi zaidi ya bilioni 6. Lililipa fidia ya dola milioni 380 ili lisiandae chochote. Glasgow ikaichukua, ikapunguza michezo hadi 10 na kutumia viwanja vilivyopo. Na Tokyo ilipofika 2021 na korona, kura za maoni zikionyesha Wajapani wengi hawaitaki, mtu wa kufuta hakuwa gavana wala waziri mkuu. Mkataba unampa IOC haki hiyo. Michezo ikafunguliwa Julai 23 bila watazamaji karibu viwanja vyote, na pengo la mauzo ya tiketi likabaki Japani.

Yuko mnunuzi mmoja aliyepata bei nzuri, na inafaa kujua alifanyaje. Kwa michezo ya 1984 Los Angeles ilibaki peke yake sokoni. Wengine walikuwa wameona ya Montreal. Wapigakura wakazuia mji kutumia fedha ambazo hazitarudishwa, mji ukakataa kuweka dhamana, na IOC ikakubali kwa kuwa haikuwa na mteja mwingine. Kamati ya binafsi chini ya Peter Ueberroth ikatumia uwanja wa Coliseum, ule ule wa michezo ya 1932, na mabweni ya vyuo. Ziada ilizidi dola milioni 200. Somo lake halihusu ufundi wa Wamarekani. Ukiwa mteja pekee dukani, unapanga bei.

Muuzaji naye amejirekebisha, tumpe haki yake. Baada ya miji kukimbia mmoja baada ya mwingine, IOC iliitoa 2024 na 2028 kwa pamoja, na siku hizi inahimiza viwanja vilivyopo, vya muda, hata vya nchi jirani. Kama tungekuwa tunatoa nyota, bidhaa ya 1976 ingepata moja na hii ya sasa tatu kati ya tano.

Mbili zilizobaki zinapotelea kwa mnunuzi. Viwanja hatari kununua vinajulikana: njia ya sleji (kigari cha kuteleza kwenye barafu), mnara wa kuruka kwa skii, uwanja wa baiskeli wa ndani, uwanja wa besiboli mahali wasipocheza besiboli. Njia ya sleji ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ni bomba la zege la zaidi ya kilomita moja linalogandishwa kwa mitambo, na wanaoitumia nchi nzima wanaweza kuenea kwenye basi moja. Kwa ajili ya Milano Cortina 2026, IOC yenyewe ilishauri mashindano hayo yapelekwe kwenye njia ambayo tayari ipo nje ya Italia. Serikali ya Italia ikajenga mpya Cortina, kwa zaidi ya yuro milioni 100. Nyingine iko Cesana, upande wa pili wa kaskazini ya Italia hiyo hiyo, ilijengwa kwa ajili ya michezo ya Turin ya 2006. Ilifungwa kabla ya kutimiza miaka kumi.