TAHADHARI: "Farasi mpole, anafaa mtoto" wa dola 2,800

Wazazi wenzangu wa hapa Kentucky, Marekani, wa Lexington, Louisville na huko Bowling Green, kama una mtoto anayekulilia farasi na mfuko wako ni kama wangu, soma hii kabla hujatuma hata dola moja. Kuna muuzaji anazunguka na matangazo Facebook. Mimi alinipata Aprili 2025. Jina lake siliandiki hapa, kwanza sitaki kesi, pili halitakusaidia, maana tangu aniuzie ameshabadilisha jina la akaunti mara mbili. Utamtambua kwa mbinu zake.

Najua kuna watakaocheka. Dada yangu aliyebaki Kigoma alicheka mpaka simu ikakatika. "Farasi? Si ungenunua kiwanja?" Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu farasi tulimwona kwenye vitabu vya shule tu. Lakini mtoto aliyekulia hapa, basi lake la shule linapita mashamba ya farasi kulia na kushoto, baba wa rafiki yake analipwa mshahara kwa kuwaosha, na kuna vikundi vya 4-H vinavyofundisha watoto kupanda na kutunza farasi. Binti yangu ana miaka 14. Miaka miwili anasafisha mabanda kila Jumamosi ili afundishwe bure. Hilo mimi siliiti kujidai.

Tulikuwa na dola 3,000: pesa ya kodi niliyorudishiwa, na ya kwake ya kukaa na watoto wa jirani. Kwa pesa hiyo farasi unapata hapa Kentucky. Mashamba yanazalisha farasi wa mbio kila mwaka, na asiyeshinda huuzwa rahisi. Ila wa bei hiyo lazima ana kitu. Ama umri umekwenda, ama mguu, ama ukorofi, ama hajafundishwa. Kazi ya mnunuzi ni kujua hicho kitu ni kipi, na kama anaweza kuishi nacho. Mimi nilitaka asiye na kitu chochote kwa bei ya mwenye kitu. Watu kama mimi ndio anaowawinda.

Tangazo lilisema hivi: maksai (dume aliyehasiwa), miaka 11, rangi ya kahawia, mpole kabisa, hata mtoto wa miaka 6 anampanda, tunamuuza kwa huzuni kwa sababu binti yetu anakwenda chuo, dola 2,800, tunachotaka ni apate nyumba nzuri. Picha zilikuwa tatu, msichana juu ya farasi, nyuma yao uzio na geti la buluu.

Nikapiga simu Jumanne. Sauti ya mama mtu mzima, ya upole, unajisikia uko na shangazi. Sikuuliza swali hata moja kabla hajaniuliza yeye. Mna bajeti ya kiasi gani? Binti ameshawahi kuwa na farasi wake? Mna mwalimu mtakayekuja naye? Nikajibu yote kwa moyo mweupe: ndiye wa kwanza, mwalimu hatuji naye, tuko mimi na mwanangu. Nilimfungulia mlango mwenyewe. Ndipo akasema kuna familia kutoka Ohio inakuja Alhamisi na trela yao na pesa mkononi, lakini moyo wake unamwambia farasi huyu ni wa binti yangu. Basi tukaomba ruhusa kazini na shuleni, tukaenda Jumatano, mwendo wa saa moja na nusu. Alisisitiza tufike saa nane mchana, si kabla.

Tulipofika farasi alikuwa tayari amefungwa, amechanwa manyoya, ametandikwa. Nikaona ni heshima kwa mgeni. Binti yangu akapitisha mkono chini ya kitambaa cha tandiko, akaninong'oneza kwa Kiswahili ili yule mama asielewe, "Mama, amelowa." Nikauliza. Akajibu wamemwogesha kwa sababu ya vumbi. Sasa hebu fikiria, farasi gani anaogeshwa kifuani na chini ya tandiko tu, halafu mgongo wa nyuma na shingo vikavu? Lile lilikuwa jasho. Alizungushwa tangu asubuhi mpaka nguvu zikamwisha, sisi tukakuta mabaki.

Na siyo uchovu peke yake. Kichwa kilikuwa chini, mdomo wa chini umelegea, nzi anatembea pembeni ya jicho na farasi hata sikio hatikisi. Na kuna jambo niliona haya kuliuliza mbele ya mtoto: uume wake ulikuwa umening'inia muda wote. Daktari aliniambia baadaye kwamba hiyo ni dalili inayojulikana ya farasi dume au maksai aliyepewa dawa ya kumtuliza. Ningeuliza! Haya yangu imenigharimu.

Mwanangu akampanda. Alitembea vizuri, akakimbia polepole vizuri, uso wa mtoto unang'aa. Nilichokuja kukielewa nikiwa nimeshalipa ni kwamba alizunguka upande mmoja tu, wa kushoto, na kwenye mchanga laini tu. Binti alipotaka kugeukia kulia, yule mama akasema inatosha, tusimchoshe. Farasi mwenye maumivu ya kwato mara nyingi hujificha kwenye ardhi laini na mwendo ulionyooka. Ukitaka akwambie ukweli, mpeleke kwenye lami au kokoto ngumu, mzungushe pande zote mbili kwa duara dogo, ufumbe macho usikilize. Akitembea, hatua nne zinatakiwa zilie sawasawa kama mchi.

Nilimwambia ningependa daktari wa mifugo amwangalie kwanza. Hakukataa. Alisema daktari wake mwenyewe amemwona juzi tu, akanionyesha karatasi kwenye simu. Halafu akanifanyia hesabu: uchunguzi ni dola 400, kwa farasi wa 2,800, si bora hizo ununue tandiko? Mimi mtu wa kuhesabu senti, hesabu ile ilinikaa vizuri. Nikalipa zote kwa Zelle pale pale uani. Kwa wasioijua, Zelle ukishatuma kwa hiari yako ni kama umempa mtu noti mkononi, benki haikurudishii kirahisi. Nikasaini karatasi ya mistari mitatu, mmoja ukisema farasi anauzwa kama alivyo. Mume wake akatuletea kwa trela, dola 150 juu.

Siku ya tatu farasi "aliamka". Yule mpole akaanza kurusha kichwa akifungwa kamba, akambana binti ukutani. Siku ya tano alikuwa anachechemea hata kwenda kunywa maji. Akisimama, mguu wa mbele wa kulia anautanguliza, kama mtu anayekwepa kukanyaga kisigino.

Nikampigia kaka mmoja wa kanisani kwetu anayefanya kazi shamba la farasi mwaka wa tisa huu. Alikuja na sare zake za kazini. Hakuangalia mguu kwanza. Alimshika farasi taya, akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akamulika kwa tochi ya simu. Ndani ya mdomo kuna chale: herufi moja na tarakimu tano, zimefifia lakini zinasomeka. Farasi wa mbio wa zamani walichanjwa hivyo, na herufi ya mwanzo ni mwaka wa kuzaliwa. Akaanza kuhesabu kwa vidole mbele yangu, A ni 1997, B ni 1998, C ni 1999... akafika K. 2007. "Dada, huyu ana miaka 18." Mimi niliambiwa 11. (Waliozaliwa kuanzia 2017 wanawekewa chipu shingoni, hao wanasomwa kwa mashine ya daktari.)

Kisha akaomba ile karatasi ya daktari. Nilikuwa nimetumiwa picha yake. Ilikuwa cheti cha Coggins, yaani kipimo cha damu cha ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu, na bila hicho huwezi kumvusha farasi mpaka wa jimbo wala kumpeleka maonyesho. Kinachothibitisha ni ugonjwa huo mmoja tu, habari za miguu hakizijui. Cheti kina picha au mchoro wa farasi na alama zake zote. Chetu kiliandikwa mguu wa nyuma wa kushoto mweupe. Tukatoka nje kumwangalia. Miguu yote minne myeusi kama masizi. Kilikuwa cheti cha farasi mwingine! Na mimi nilikuwa nacho kwenye simu siku tano.

Daktari wa mifugo alikunja mguu ule wa mbele, akaushikilia kama dakika moja, akauachia na kusema akimbizwe. Farasi hakuweza kuukanyaga hatua nne za kwanza. Picha za eksirei zikaonyesha kamfupa kadogo kalichoko ndani ya kwato, upande wa kisigino, kameharibika muda mrefu. Alisema farasi alipewa bute, dawa ya maumivu ya farasi, labda siku kadhaa mfululizo kabla hatujaenda. Uchunguzi, eksirei na kipimo kipya cha Coggins vilinila dola 610. Zile 400 nilizookoa mnaziona.

Nilipompigia muuzaji alinijibu mara moja tu, kwamba farasi alitoka kwake mzima na sisi ndio tumemharibu. Baada ya hapo akanifungia simu. Mahakama ya madai madogo hapa Kentucky mwisho wake ni dola 2,500, na mwanasheria wa msaada aliposoma ule mstari wa "kama alivyo" alikuna kichwa. Kwamba farasi alipewa dawa, ushahidi sina.

Ushahidi ungepatikana, na hili ndilo naomba mlishike kuliko yote. Daktari akimchunguza farasi kabla hujalipa, mwombe achukue damu siku hiyo hiyo na kuihifadhi. Farasi akigeuka tabia wiki ijayo, ile damu inapimwa dawa. Muuzaji safi hatishiki ukimtajia jambo hili. Daktari mtafute mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Kama pesa ya eksirei huna, lipa hata ule uchunguzi wa kawaida wa kushika miguu na kusikiliza moyo.

Na nenda mapema kuliko ulivyoambiwa. Dakika 40 mapema, sema ulikosea njia. Mkute farasi malishoni, uone anavyokamatwa, anavyochanwa, anavyotandikwa. Wenyewe wampande kwanza. Wasipotaka kupanda farasi wao, mwanao anampandaje? Halafu rudi siku nyingine. Familia ya Ohio ikimchukua, waache wamchukue.

Kuna wizi mwingine ambao nusura uniingie mwezi uliofuata, nitausema kwa ufupi. Picha nzuri, bei ya kutupa, farasi yuko jimbo la mbali, tuma dola 300 za kumshikilia. Farasi hayupo, picha zimeibwa. Ukiomba video fupi ya farasi na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo pembeni yake, wanatoweka. Ndugu yake ni yule anayesema lori la machinjioni linaondoka Ijumaa, lipa umwokoe. Machinjio ya farasi Marekani yalifungwa 2007, na kweli wapo wanaosafirishwa Mexico na Kanada, ndiyo maana hadithi inauma na watu wanatuma pesa huku wanalia. Lakini hapo ndipo bei inapopandishwa, na farasi anakuja bila cheti, pengine na mafua ya kuambukiza banda zima.

Yule wetu hatukumuuza. Ningemuuzaje bila kufanya nilichofanyiwa? Wazee wawili wenye malisho na punda mpweke walimchukua, hapandwi tena, anakula nyasi. Binti yangu sasa tunamkodishia farasi wa mtu siku mbili kwa wiki, dola 175 kwa mwezi, fundi wa kwato na daktari ni juu ya mwenye farasi. Ningejua njia hii ipo ningeanza nayo, kwa sababu hata ukipewa farasi bure, bado banda, nyasi na kwato kila wiki 6 mpaka 8 vinakusubiri.

Jana usiku binti amenionyesha tangazo jipya. Jina geni. Jike, miaka 9, mpole, anafaa mtoto, binti yetu anakwenda chuo. Dola 2,800. Nyuma ya farasi, uzio ule ule na geti la buluu, bawaba ya juu imefungwa waya.