Yoga ya darini Shela: pumzi safi, ubao wa mlangoni umetiwa chumvi

Ubao wa mlangoni unaahidi kwamba miezi mitatu ya darasa hili "hurudisha umri wa seli". Ndiyo ahadi inayowapandisha wengi zile ngazi hadi darini, na ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Telomea, zinazotajwa kwenye ubao huo, ziko kwenye ncha za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Zifikirie kama mafundo ya matamvua ya kikoi: fundo likifumuka, nguo yenyewe huanza kuachia nyuzi. Seli ikigawanyika telomea hufupika, ndiyo maana huhusishwa na umri wa seli, na kimeng'enya kiitwacho telomerasi huzirefusha. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Nobel ya tiba ya 2009 kwa kazi hiyo.

Sasa hesabu. Utafiti wa Los Angeles uliotoka 2013 uliwachukua watu 39 waliokuwa wakiuguza jamaa waliopoteza kumbukumbu. Waliofanya tafakari ya Kirtan Kriya, dakika 12 kila siku kwa wiki 8, utendaji wa telomerasi ulipanda 43%. Waliosikiliza muziki wa kutuliza, 3.7%. Watu 39 ni wachache, na kupanda kwa kimeng'enya si kurefuka kwa telomea. Isitoshe, seli nyingi za saratani nazo huishi kwa telomerasi hiyohiyo, kwa hiyo "nyingi zaidi" si lazima iwe heri. Kilichopimwa ni tafakari ya kuketi na kuimba maneno. Darini hapa unapata dakika 75, asubuhi tatu kwa wiki, karibu zote za mikao, na tafakari dakika tano za mwisho, tena umelala chali. Wengine hukoroma.

Pumzi, hata hivyo, inafundishwa vizuri. Unavuta kwa pua hesabu nne, unatoa hesabu sita, kila hesabu sekunde moja: pumzi sita kwa dakika. Mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Wa tumboni ndio unaotakiwa kuinuka kwanza. Anayeona kizunguzungu huwa anavuta kwa nguvu mno, na mwalimu humrudisha kwenye pumzi yake ya kawaida badala ya kumwambia avumilie. Kwenye mkao wa mbwa anayejinyoosha (viganja na nyayo chini, makalio juu) pia yuko makini: mgongo ukipinda, anakukunjisha magoti, kwani kinachovuta ni misuli ya nyuma ya paja. Visigino si lazima viguse chini.

Kasoro kubwa ni kusimama kwa kichwa, kunakoingizwa wiki ya pili bila yeyote kuulizwa kuhusu presha. Mwenye presha ya damu iliyopanda, presha ya macho au shingo mbovu akae pembeni; alale chali aegemeze miguu ukutani, na mwenye presha ya macho aketi tu.

Anayetaka kile kilichopimwa Los Angeles aongeze mwenyewe dakika 12 nyumbani kila siku, baada ya alfajiri kabla simu hazijaanza. Hazina malipo.

Kuanzia Mei hadi Agosti kusi huingia chini ya makuti na kupeperusha mikeka myepesi. Fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu upate upande wa ukuta, na ukung'ute mchanga miguuni: mchanga na jasho juu ya mkeka wa mpira ndivyo vinavyowatelezesha watu.