Basi la ghorofa au basi refu la kiungo?

Abiria wakilizidi jiji, wapangaji wa usafiri hubaki na mawili: basi la ghorofa, au lile refu lenye kiungo katikati kinachojikunja kama kodiani.

Kwa nafasi ya barabarani, ghorofa inashinda. Urefu wake ni mita 11 au 12 hivi. La kiungo hufika 18, na foleni ikikaza kwenye makutano linaziba njia ya wenzake. Viti navyo ni vingi zaidi kwenye ghorofa, na Hong Kong wameing'ang'ania.

Ila njoo kituoni jioni. Anayeshuka kutoka juu anapambana na ngazi nyembamba huku gari likiyumba, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umeshika mtoto. Dereva anasubiri, na walio nyuma wanapiga honi. Kusimama huko juu hairuhusiwi, kwa hiyo wasiopata kiti hubanana chini, karibu na mlango. La kiungo lina milango mitatu au zaidi: watu wanamiminika kwa mpigo, safari inaendelea. Wakwepa nauli nao hupenya humohumo, lawama iliyoyaandama mabasi hayo London hadi yakaondolewa mwaka 2011.

Kimo je? Ghorofa hupita mita 4, hivyo madaraja, nyaya na matawi vikaguliwe njia nzima.

Katikati ya jiji, watu wanakopanda na kushuka kila kituo, mimi nachukua la kiungo, mradi litengewe njia yake. Ghorofa ningeipeleka safari ndefu za pembezoni.