Studio ya picha Mji Mkongwe Bagamoyo, nendeni jamani

Anayekwenda Bagamoyo wikiendi asiishie magofu ya Kaole na soko la samaki, kuna studio ndogo ya mchoraji kule Mji Mkongwe, haina hata bango, ukiona kanvasi zimeegemezwa mlangoni ndo hapo. Ukiingia, kushoto kuna kazi zake za zamani, minazi, jahazi, jua linazama, nzuri ila kila duka la watalii linazo. Sasa sogea ndani. Pwani ni ile ile, kina mama wa samaki ni wale wale, lakini mbingu imekuwa ya kijani, mikono imekuwa mikubwa kuliko vichwa, rangi kaibandika na kisu nene kabisa mpaka unatamani kuigusa, na wale kina mama wako hai yani, unaona kabisa yupi kachoka na yupi kakaza bei na hashuki ng'o.

Kuna punda wake mwekundu, kila mtu anauliza punda gani huyu, mzee mwenyewe, mchoraji, anajibu taratibu tu kwamba Franz Marc wa Ujerumani alichora farasi wa bluu toka 1911, rangi inabeba anachohisi mchoraji sio ngozi ya mnyama. Hapo ndo nikamwelewa. Wale vijana wa Dresden, Ujerumani, walioanzisha kundi la wachoraji la Die Brücke 1905, kina Kirchner, nao walichora hisia namna hiyo hiyo, walivutiwa sana na vinyago vya Afrika walivyoviona kwenye makumbusho ya huko kwao, na 1905 hiyo hiyo ndo Maji Maji inawaka huku dhidi ya serikali yao, kwahiyo mtu wa Bagamoyo akiichukua njia yao ile ya kuchora akaileta ufukweni kwetu mimi sisemi anaiga, ana haki nayo kabisa.

Kasoro ni fremu, mbao laini, kona zinaachia. Chukua picha bila fremu ukatengenezewe na seremala wako, na usikubali kuviringishiwa, rangi nene hivyo ikikunjwa inapasuka, ibebe imewambwa hivyo hivyo hata kama utasumbuka kwenye daladala. Bei iko juu kuliko za barabarani na hapunguzi sana, sawa tu, kazi ile inalipika.

Ile kubwa ya kina mama ukuta wa ndani nimeiacha haijauzwa, mwenye uwezo aiwahi, mimi roho itaniuma ikipanda ndege.