Diablo II: Resurrected ukiichezea Kigoma: picha mpya safi, waya wa kuunganisha mashine umekatwa

Ukiwa katikati ya pambano kwenye Diablo II: Resurrected, gemu ya zamani iliyovalishwa picha mpya, bonyeza G kwenye kibodi. Papo hapo picha mpya zinaondoka na unaiona Diablo II ile ile ya mwaka 2000. Bonyeza tena, unarudi. Hayo si mapambo tu: chini ya picha mpya, gemu ya zamani ndiyo inayopiga hesabu zote, za mapigo na za vitu vinavyodondoka. Watengenezaji wake, studio ya Vicarious Visions, waliacha mifupa, wakabadilisha ngozi. Ndiyo maana ilipotoka Septemba 23, 2021, wakongwe wengi waliipokea kwa furaha. Paladin wao, mhusika shujaa wa upanga na ngao, anapiga kama walivyomzoea, na nyongeza ya Lord of Destruction imo ndani.

Marekebisho madogo yamekaa vizuri. Dhahabu unaiokota kwa kuipitia tu. Sanduku la kuhifadhia mali, lililokuwa na nafasi 48, sasa lina 100, na kuna kurasa 3 nyingine za nafasi 100 kila moja ambazo wahusika wako wote wanazitumia. Mzigo wa kupokezana silaha kwa ujanja kati ya wahusika wako umekwisha. Kwenye begi la mhusika, hata hivyo, nafasi ni zile zile 40, na hirizi, ambazo lazima uzibebe humo ili zikusaidie, zinaendelea kuzimaliza. Hapo walistahili kuwa wakarimu zaidi.

Kuhusu mashine: kima cha chini ni RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya GTX 660; kinachopendekezwa ni GB 16 na GTX 1060. Tenga GB 30 kwenye diski, na iwe SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Kwenye diski ya kuzunguka, kila mlango wa pango unakuwa wa kusubiri. Ukitumia kompyuta ya mezani, weka UPS, kile kifaa cha akiba ya umeme. Huwezi kusevu ukasimama pale pale ulipo. Ukirudi unaanzia mjini, na umeme ukikatika ghafla unaweza kupoteza hatua zako za mwisho. Zoea kutoka kwa Save and Exit kila umalizapo kazi kubwa.

Sasa mtandao, ambao ndio uliowakera wengi. Oktoba 2021 seva zilizidiwa mara kwa mara, watu wakashindwa kuingia, na baadaye ikawekwa foleni. Kwa bando la simu, hata siku seva ziko sawa, kuchelewa kwa sekunde moja kunatosha kumuua mhusika wa Hardcore, hali ya maisha mamoja tu, na huyo hafufuki. Cheza nje ya mtandao. Kwenye kompyuta inaruhusiwa, ila lazima uunganishe angalau mara moja kila siku 30 ili leseni ithibitishwe. Washa hotspot ya simu kabla siku hazijatimia. Amua mapema pia: mhusika wa nje ya mtandao hahamishiki kwenda mtandaoni kamwe.

Kasoro isiyosameheka kwetu ni kuondolewa kwa TCP/IP, njia ya kuunganisha kompyuta moja kwa moja. Diablo II ya zamani iliunganisha kompyuta kadhaa kwa swichi na waya tu, bila intaneti, kama vile imetengenezwa kwa ajili ya vibanda vya gemu vya Mwanga na Ujiji. Resurrected haina njia hiyo. Watu wanne waliokaa meza moja lazima kila mmoja awe na leseni yake, na wote wapitie seva za mbali ili waonane. Hata kwenye konsoli hakuna kucheza wawili kwa skrini moja. Mwenye kibanda asiinunue kwa ajili ya kuwakutanisha wateja.

Kwa anayecheza peke yake nyumbani, bei ya dola 39.99 iliyotoka nayo inalipa, hasa ukitumia amri hii: bonyeza Enter, andika /players 3. Maadui wanakuwa wagumu kana kwamba mko watatu, uzoefu unaongezeka na vitu vinadondoka zaidi. Panda polepole hadi 8. Ukianza na 8 kwenye Act I, sehemu ya kwanza ya gemu, adui mkubwa Blood Raven atakumaliza.