Mbegu tatu za koliflawa mbele ya uozo mweusi na uvimbe wa mizizi

Pakiti ya mbegu ya koliflawa kwenye duka la pembejeo huuzwa kwa picha ya ua kubwa jeupe lisilo na doa, na wanunuzi wengi huishia hapo. Mimi hupima mbegu hizi kwa kipimo kingine. Mche wa koliflawa hutoa ua moja tu, na likishakatwa mche umemaliza kazi, tofauti na sukuma wiki inayochumwa wiki hata wiki. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, ekari moja hubeba miche ipatayo 15,000. Maua yote yakifikia gramu 800 na kuuzika, hizo ni tani 12. Moja ya tano ya miche ikifa, zinabaki tani 9.6. Aina nyingine yenye maua ya kilo nzima, lakini inayopoteza nusu ya shamba kwa ugonjwa, itakupa tani 7.5 pamoja na gharama ileile ya mbolea. Kwa hiyo nikisema aina fulani ina mavuno mazuri, ninazungumzia maua yaliyofika sokoni, wala si lile moja lililopigwa picha.

Snowball ndiyo mbegu ya kawaida iliyozoeleka zaidi. Si chotara, bei yake ni nafuu, na huchukua takriban siku 70 tangu kupandikizwa hadi kukatwa. Maua yake hayakomai kwa pamoja, jambo linalomfaa anayeuza kidogokidogo gulioni na kumtesa anayetakiwa kujaza gari kwa siku moja. Udhaifu wake mkubwa ni uozo mweusi. Ugonjwa huu huletwa na bakteria wanaoweza kusafiri ndani ya mbegu yenyewe, wakaingia kwenye jani kupitia vitundu vya ukingoni ambako matone ya maji hujikusanya alfajiri. Dalili yake ukishaiona mara moja hutaisahau: pembe ya manjano yenye umbo la V, mdomo wake ukiwa ukingoni mwa jani na ncha ikielekea kwenye mshipa mkuu, huku vishipa vya ndani yake vikiwa vimegeuka vyeusi. Kata shina la mche ulioathirika sana na utakuta duara jeusi ndani. Mvua na joto vikikutana, matone yanayoruka kutoka mche mmoja hadi mwingine humaliza kazi. Kwa sababu hiyo Snowball ninaipendekeza kwa kilimo cha umwagiliaji cha miezi ya baridi na ukavu, Juni hadi Agosti, kwenye nyanda za juu kama Lushoto, ambako maji ya mfereji hupita chini bila kulowesha majani. Kuipanda wakati wa masika ni kucheza kamari.

Snow Crown F1 ni chotara ya siku nyingi. Ilipata tuzo ya All-America Selections, shirika la Marekani linalopima aina mpya za mbegu, mwaka 1975 na bado ina wapenzi. Sifa yake ni kasi, kwani hukomaa kati ya siku 50 na 60 baada ya kupandikizwa, miche yake huanza kwa nguvu na maua hulingana. Wauzaji wengine huiita sugu kwa magonjwa, na hapo nawapinga, kwa kuwa kukwepa ugonjwa si sawa na kuukinza. Mche unaokaa shambani wiki mbili pungufu hupigwa na mvua chache, hupuliziwa dawa mara chache dhidi ya nondo wa mgongo wa almasi, mdudu ambaye viwavi wake hula majani, na humaliza safari kabla uozo haujafika shinani. Bakteria wakiwahi kuingia kitaluni, kasi hiyo haisaidii kitu. Ina kasoro mbili nyingine: majani hayalifuniki ua vizuri, hivyo ni lazima uyafunge kwa kamba au uyavunje yalalie juu, na joto likizidi ua huweza kupata wekundu hafifu ambao hauharibu ladha ila humpa mnunuzi sababu ya kushusha bei. Pamoja na hayo, kwa soko la hoteli ambalo linataka maua ya saizi ya wastani yanayofanana, hii ndiyo ningeitanguliza kati ya hizi tatu.

Clapton F1 ya kampuni ya mbegu ya Syngenta ni mbegu ya shida moja mahususi, yaani uvimbe wa mizizi. Mche hunyauka mchana na kuinuka jioni kana kwamba una kiu, lakini ukiung'oa unakuta mizizi imevimba na kukunjamana kama tangawizi. Vimelea vyake hudumu udongoni hata miaka 20, kwa hiyo kuzungusha mazao kwa misimu miwili au mitatu hakutoshi. Kwa shamba lililoambukizwa, Clapton hufanya yale ambayo dawa haziwezi: inatoa ua la kawaida mahali ambapo aina nyingine hazifungi kabisa. Hata hivyo, vimelea hivyo vina makundi mbalimbali, na kinga inayolishinda kundi moja huweza kushindwa na jingine, hasa ukirudia mbegu hiyohiyo kila msimu. Endelea kuweka chokaa mpaka pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, ipite 7. Ikiwa shamba lako halina uvimbe, sioni sababu ya kulipia kinga hii, maana haikulindi dhidi ya uozo mweusi.

Kuhusu uozo huo, kazi ninayoiheshimu zaidi imefanywa India, nchi iliyoletewa mbegu za koliflawa kutoka Uingereza mwaka 1822 na kuzichagua kizazi baada ya kizazi mpaka zikazoea joto. Pusa Shubhra ni miongoni mwa aina zilizozalishwa huko kwa lengo la kuukinza.

Nina lalamiko dhidi ya pakiti moja, ambayo sitaitaja, iliyoandikwa "hustahimili magonjwa" bila kusema magonjwa gani. Maneno hayo hayana thamani. Muulize muuzaji jina la ugonjwa, na akishindwa kujibu, chukulia kwamba mbegu haina kinga yoyote.

Vilevile yapo matatizo ambayo hakuna mbegu itakayoyatibu. Majani yanayokonda na kubaki mshipa tu kwenye udongo wenye asidi ni upungufu wa molibdeni; shina lenye uwazi na ua lenye rangi ya kahawia mara nyingi ni upungufu wa boroni. Na kwa atakayenunua Snowball ambayo haijapakwa dawa, iloweke kwenye maji ya nyuzi joto 50 kwa dakika 20, ukitumia kipimajoto na si kidole, kisha ipoze kwenye maji baridi na kuianika kivulini. Jaribu kwanza mbegu chache, kwa sababu zile zilizokaa dukani muda mrefu huweza kufa kwa joto hilo.